Dakika Kumi na Moja

"Wawili," Meneja alijibu bila hata kufikiri, alipoulizwa ni watu wangapi huiamuru setilaiti yao. "Mmoja anaandika amri, wa pili anaihakiki. Kila mmoja anachomeka kadi yake. Bila kadi mbili, chombo hakisogei hata unywele."

Inspekta aliandika neno hilo kwenye daftari lake. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba, na karibu kazi yake yote ya upelelezi ilikuwa imeishia kwenye wizi wa ng'ombe, maghala yaliyotiwa moto na hati za viwanja za kughushi. Mambo ya anga alikuwa ameyaanza jana yake tu, Jumatano, na hakuona haya kuuliza kama mtoto wa chekechea.

"Na Jumanne asubuhi walikuwa wangapi humu?"

"Mmoja. Msimamizi wa zamu yuko hospitali tangu Jumapili, kifua kinamsumbua. Kadi yake ilikuwa kwenye droo ile pale. Binti akaichukua, akachomeka zote mbili, akafanya alilofanya."

Chumba cha uendeshaji kilikuwa na ukubwa wa darasa la shule. Meza zilipangwa safu tatu, kila meza na skrini yake, na jumla yake viti vilikuwa kumi na vinne. Inspekta alivihesabu mara mbili. Tisa vilikuwa vimefunikwa mifuko ya nailoni, na juu ya nailoni kulikuwa na vumbi la kutosha kuandikia jina.

Lililotokea lilielezeka kwa maneno machache. Chombo chenyewe hakikuzidi ukubwa wa friji. Kilizunguka dunia na kupita juu ya kituo mara saba kwa siku, kila mpito dakika kumi hivi, kikipiga picha za mito. Kwa picha hizo, ofisi ya maafa ilijua siku tatu kabla ni kijiji gani kihamishwe maji yasije yakawakuta watu vitandani. Jumanne, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, injini yake iliwaka dakika kumi na moja mfululizo. Mafuta karibu yote yakaisha. Tangu hapo chombo kilikuwa kikishuka kidogo kidogo kila mzunguko, na baada ya siku arobaini kingeungua hewani, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimepamba moto.

Aliyekuwa zamu alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, wenzake wakimwita Sauti. Alikuwa mahabusu tangu Jumanne alasiri, na kesho yake, Ijumaa saa tatu, angesomewa mashtaka ya hujuma.

"Hii hapa kumbukumbu ya mitambo," Meneja alisema, akimpa karatasi moja. "Saa, amri, kila kitu. Na hii ni barua aliyoniandikia mwezi uliopita. Soma mstari niliouwekea alama."

Mstari wenyewe ulisema: *Siku moja chombo hiki kitapotea.*

Sajini, aliyekuwa amesimama nyuma ya Inspekta, alivuta pumzi kwa nguvu. Alikuwa kijana wa kikosi cha barabarani aliyehamishiwa upelelezi miezi mitatu nyuma, na bado alipenda kesi ziishe haraka.

"Afande, si hiyo? Ametishia kwa mwandiko wake mwenyewe."

Inspekta alivaa miwani, akasoma barua yote kuanzia juu, polepole, midomo ikicheza. Kisha akampa Sajini.

"Malizia sentensi."

Sajini alisoma kwa sauti iliyokuwa ikipungua kadiri alivyoendelea. "Siku moja chombo hiki kitapotea, kwa sababu mtu mmoja anafanya kazi ya watu watatu, na akikosea hakuna wa kumwambia."

"Malalamiko ya kawaida ya wafanyakazi," Meneja alisema, akitazama saa yake.

*

Sauti alikuwa amekaa kwenye benchi la simenti, viatu vyake vikiwa havina kamba. Hakuinuka Inspekta alipoingia.

"Shikamoo," alisema kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nisikie kwako."

Inspekta alifungua jalada.

"Hapa pameandikwa 'mtuhumiwa anakanusha'. Basi. Hujawaeleza zaidi ya hapo?"

Binti alicheka bila furaha. "Niliwaeleza robo tatu ya saa. Yule askari aliniuliza mara mbili kama setilaiti ina dereva. Halafu akaandika maneno mawili hayo. Mimi sina mate ya kurudia tena."

"Mimi si yule askari."

"Sawa. Basi nenda kwenye dishi la mawasiliano, mlimani. Muulize fundi wake, Mama Grisi, Jumanne saa nne alikuwa anafanya nini. Akikwambia, rudi. Asipokwambia, hata nikiongea mimi mpaka kesho hutaniamini."

"Swali moja tu. Nani alimjulisha Meneja kwamba mafuta yameisha?"

"Mimi. Chombo kilipopita saa sita kasoro nikaona kipimo. Nikampigia simu. Akaniambia nisiguse kitu, anakuja." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Alikuja na polisi."

Nje, mama yake binti alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikapu cha chakula mapajani. Inspekta alimwamkia, akamwambia mgeni ataruhusiwa saa sita. Mama alisogeza kikapu kivulini.

*

Dishi lilikuwa kilomita sita kutoka kituoni, juu ya kilima kisicho na mti, likiwa pana kama nyumba ya vyumba vinne. Chini yake, amelala chali juu ya gunia, alikuwepo mwanamke mnene mwenye ovaroli iliyokuwa zamani ya bluu.

"Mkikanyaga huo waya mnanirudisha nyuma wiki nzima!" alipiga kelele kabla hawajajitambulisha.

Sajini aliruka kama aliyeona nyoka. Inspekta alizunguka waya, akachuchumaa.

"Wewe ndiye Mama Grisi?"

"Naonekana mtu wa manukato?" Alijisogeza akatoka, akafuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono. "Mmechelewa. Nimewasubiri tangu Jumanne. Nikasema labda wanapanda kwa magoti."

"Jumanne saa nne asubuhi dishi hili lilikuwa linafanya nini?"

Mama Grisi aliingia kibanda cha mabati, akatoka na daftari lililofungwa penseli kwa uzi. Akalamba kidole, akafunua, akamwekea Inspekta mbele ya pua. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa wazi: *Jumanne. Saa 4.05 dishi limelazwa, pini imetiwa. Grisi kwenye meno. Saa 4.50 limeamshwa.*

"Pini ni hii," alisema, akipiga teke chuma kinene kama mkono wake. "Ikiwa ndani, aje nani, halinyanyuki. Mpito wa saa nne na robo chombo kinapita chini sana, nyuma ya milima ile. Hatuutumii. Ndiyo nafasi yangu ya kupaka grisi, kila Jumanne, miaka tisa sasa."

"Na kuna dishi lingine?"

"Lilikuwepo. Liling'olewa mwaka juzi, na mafundi wake wawili wakang'olewa nalo."

"Sasa, dishi likiwa limelala, mtu aliye kule kituoni anaweza kukiamuru chombo?"

"Amri yake itapitia wapi? Itapanda mlima kwa miguu?"

Inspekta alijikuta anacheka. "Karatasi ya Meneja inasema amri ya injini ni ya saa nne na dakika kumi na saba."

"Karatasi haijawahi kushika spana." Mama Grisi alifunga daftari, lakini alipoona mkono wa Inspekta umenyooshwa, alisita, kisha akampa. "Nitarudishiwa?"

"Kwa sahihi yangu."

"Basi mwambie na Meneja, akihesabu watu wanaoendesha chombo chake, asinisahau. Hajakanyaga hapa tangu ateuliwe."

Garini, Sajini aliendesha hadi kwenye lami.

"Afande, huenda binti ana rafiki nje, mwenye dishi lake. Akatuma kutokea huko."

"Huenda. Ila angehitaji namba za siri za kituo, na angehitaji kadi zote mbili ziwe huku na huko kwa wakati mmoja. Hiyo tuiweke pembeni, tusiitupe." Alikuwa anaitazama karatasi ya Meneja kwa mara ya kumi. "Soma hapa. Imeandikwa nini mbele ya saa?"

Sajini alitupia jicho. "'Injini imewaka.'"

"Imewaka. Haikuandikwa imeamriwa. Nimekaa siku nzima naangalia neno ambalo halipo."

*

Mhandisi wa njia alikaa kona ya mwisho ya chumba cha uendeshaji. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya mahali chombo kilipo na kitakapokuwa, na kwa hiyo kila mtu alimwita Mahesabu. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta, na alipomwona Inspekta anavuta kiti karibu naye alianza kupanga kalamu zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Nieleze, mdogo wangu. Chombo kinaweza kuwasha injini bila mtu kukiambia saa ile ile?"

"Kinaweza."

"Vipi?"

"Karibu amri zote huwekewa saa. Unakipa leo, kinafanya kesho. Kinapita juu yetu dakika kumi tu, hatuwezi kusubiri kiwe hapa kila tunapotaka kifanye jambo."

"Kwa nini hukulisema hili tangu Jumanne?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza. Amri iliwekwa lini?"

Alitazama ukuta wa kioo uliotenganisha chumba na ofisi ya Meneja. Pazia la huko lilikuwa limefungwa. Inspekta alisogeza kiti chake taratibu mpaka kikaziba kioo kile.

"Binti anafikishwa mahakamani kesho saa tatu," alisema. "Hujuma ni miaka kumi na tano."

Mahesabu alibonyeza, printa ikanguruma. Karatasi iliyotoka ilikuwa ya Jumatatu, siku ambayo Sauti alikuwa na mapumziko yake ya wiki. Inspekta aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Saa kumi na dakika ishirini na mbili alasiri: amri ya injini, itekelezwe kesho saa 4.17. Muda wa kuwaka: dakika 11. Kadi ya kwanza, Meneja. Kadi ya pili, msimamizi wa zamu.

"Msimamizi wa zamu alilazwa lini?" aliuliza.

"Jumapili."

"Sajini, piga hospitali uhakikishe. Uliza pia kama Jumatatu alitoka hata kwa saa moja." Akamgeukia Mahesabu. "Kwa nini injini iwashwe kabisa? Nani aliitaka?"

"Mimi." Alichomoa kalamu moja, akairudisha. "Kulikuwa na takataka, kipande cha roketi ya zamani, kingepita karibu mno na chombo chetu Jumanne. Ilibidi tukishushe kidogo. Nikapiga hesabu, nikampa Meneja namba kwenye karatasi, nikaondoka kumchukua mwanangu shuleni."

"Karatasi iko wapi?"

"Meneja ameichana. Lakini hesabu zangu nazifanyia humu." Alifungua droo, akatoa daftari la hesabu la miraba. Chini ya ukurasa wa Jumatatu, jibu lilikuwa limezungushiwa duara mara mbili: *sekunde 11.*

Inspekta aliliweka daftari kando ya karatasi ya Jumatatu: sekunde 11, dakika 11. Sajini alirudi na simu mkononi, akasema msimamizi hakutoka kitandani, oksijeni puani, tangu Jumapili.

"Ulijua tangu lini?" Inspekta alimuuliza Mahesabu.

"Jumanne mchana, nilipoona ameandika dakika. Nikamfuata. Akaniambia namba ni yangu na mwandiko ni wangu, tukizama tunazama wote. Nina watoto wawili, Afande."

"Na yule kule mahabusu ni mtoto wa mtu," Inspekta alisema bila kupandisha sauti. "Usitoke humu."

*

Meneja alikuwa amesimama dirishani. Inspekta hakukaa. Aliweka mezani daftari la dishi, kisha karatasi ya Jumatatu, kisha ukurasa wa miraba, kimoja baada ya kingine. Alimwacha asome.

"Jumatatu saa kumi na dakika ishirini na mbili," alisema hatimaye, "wewe ulikuwa mtu wa kwanza. Wa pili alikuwa nani?"

Meneja alivuta kiti, akakaa.

"Ilikuwa mpito wa mwisho uliofaa. Ningeukosa, kipande kile kingetupiga."

"Hilo silibishii."

"Hakukuwa na mtu. Ningempata wapi? Tulikuwa kumi na wanne, sasa tuko watano. Nilichukua kadi kwenye droo." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Kuna kisanduku cha kuchagua, sekunde au dakika. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikakubali. Kwa kawaida ningesoma mara mbili. Nilikuwa kwenye simu."

"Na nani?"

"Na bodi. Nilikuwa nawahakikishia kwamba watu tulionao wanatosha."

Sajini, mlangoni, alikohoa ili asitoe sauti nyingine.

"Bwana Meneja," Inspekta alisema, "kukosea namba si kazi ya polisi. Ungekuja Jumanne ukasema nimekosea, mimi ningekuwa nyumbani kwangu sasa hivi. Lakini ulichana karatasi ya mhandisi, ukanipa kumbukumbu ya siku moja badala ya mbili, na ukamtwika binti kosa lako. Hiyo ndiyo yangu. Sajini, msomee haki zake, polepole, asije akasema hakusikia."

*

Ilipofika saa tisa kasoro, hati ya kumwachia Sauti ilikuwa imetiwa sahihi. Inspekta alimpelekea kamba zake za viatu mwenyewe. Alimweleza yote palepale kwenye benchi la simenti, kwa mpangilio, bila kuficha, na binti alisikiliza huku akipitisha kamba tundu kwa tundu.

"Waliponichukua, Mahesabu alisema nini?" aliuliza mwishoni.

"Hakusema kitu."

"Alikuwa amesimama karibu kama mimi na wewe tulivyo hapa. Ananiangalia." Alikaza fundo. "Sawa."

"Kuna jambo jingine. Amepiga simu sasa hivi. Anasema kwenye tangi kumebaki mafuta ya kuwasha sekunde arobaini. Yakitumika mpito wa saa kumi na dakika ishirini, leo, chombo kitapanda kiasi cha kumaliza msimu wa mvua. Kesho kitakuwa kimeshuka zaidi na hayatatosha. Kadi yake peke yake haifanyi kazi, na mwenye kadi nyingine ya uendeshaji aliyebaki ni wewe." Inspekta alisita. "Hulazimiki. Mimi nimetumwa kukufungulia tu. Ukitaka kwenda nyumbani, Sajini atawapeleka wewe na mama."

Walitoka. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia jicho hili na jicho lile, kisha akaanza kufungua kikapu palepale kwenye ngazi.

"Kula kwanza."

Sauti alichukua kipande cha mkate, akakitia mdomoni, akatazama jua.

"Mama, yale maji ya miaka kumi iliyopita yalipochukua nyumba ya shangazi, tulipewa taarifa siku ngapi kabla?"

"Taarifa gani? Hatukupewa. Chombo hicho chenu kilikuwa hakijapaa."

Binti alitafuna, akameza. "Nitakula nikirudi," alisema. "Njoo na mimi, usikae hapa."

Walifika chumba cha uendeshaji saa kumi kamili, Inspekta nyuma yao. Mahesabu alikuwa ameketi kwenye meza ya mbele, miwani imeshika ukungu, vidole vyake viko juu ya kibodi lakini haviandiki. Alipoona nani ameingia, alisimama.

"Dada, mimi..."

"Toka kwenye kiti changu."

Alitoka. Sauti alikaa, akachomeka kadi yake, akavuta kiti cha jirani, akang'oa ile nailoni yenye vumbi na kuitupa sakafuni.

"Kaa hapa. Mimi naandika, wewe unanisomea kutoka kwenye daftari lako, siyo kutoka kichwani. Umeongea na Mama Grisi?"

"Dishi limeamka. Anasema yuko chini yake na hatoki mpaka mpito uishe."

"Soma."

"Saa ya kuwaka, kumi na moja na dakika nne."

"Kumi na moja na dakika nne."

"Muda, sekunde arobaini."

"Sekunde. Arobaini." Aligusa skrini kwa kidole mahali neno lilipokuwa. "Angalia na wewe, kwa macho yako."

Mahesabu aliinama, akaangalia, akaitikia. Kadi ya pili iliingia. Saa kumi na dakika ishirini chombo kilichomoza juu ya upeo, namba zikaanza kumiminika kwenye skrini, na amri ikapanda. Mama yake binti, kwenye kiti cha nyuma kabisa, alishikilia kikapu kama aliye kanisani au msikitini.

Walisubiri mzunguko mzima. Chombo kiliporudi, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Mahesabu alipiga hesabu mara tatu kabla ya kusema kwamba kimepanda kilomita ishirini na mbili, na kwamba kwa kasi ile kitakaa juu miezi mitano, pengine na wiki mbili juu yake. Mlimani, kwenye simu iliyowekwa spika, Mama Grisi alipiga kigelegele kilichowaumiza wote masikio.

Sauti alichomoa kadi yake. Kisha akamgeukia Mahesabu, akamsukumia Inspekta kiti kwa mguu ili akae karibu.

"Sasa," alisema, "lile ulilotaka kuniambia. Liseme kwa sauti. Afande anaandika."